NYUMBA ZA MASANDUKU: TUONYESHENI MAUNGIO KWANZA

Ndugu wafanyakazi,

Habari imekwisha kuwafikia. Wakubwa wamesema landi za zamani zitabomolewa, na mahali pake zitaletwa nyumba zilizokwisha kutengenezwa kiwandani, zikiwa na milango, madirisha, mabomba na nyaya za stima tayari. Kila chumba kitakuja juu ya gari kama sanduku, kreni italishusha, na masanduku yatapangwa moja juu ya jingine mpaka ghorofa tatu. Wanasema kazi yote itakuwa ya majuma machache. Wanasema pia yafaa tushukuru na kunyamaza.

Kunyamaza hatuwezi, kwa sababu watakaolala humo ni sisi na watoto wetu. Mvaa kiatu ndiye ajuaye kinapombana.

Lakini tusieleweke vibaya. Hatukatai nyumba mpya. Nani kati yetu asiyezijua landi hizi? Twalala watu sita chumba kimoja, twapanga foleni kwenye choo kimoja, mvua ikinyesha twahamisha vitanda. Anayesema chama chataka watu wabaki katika hali hii ni mwongo. Wala hatukatai kiwanda. Twakataa jambo moja tu: kutiwa ndani ya kitu ambacho hatukuonyeshwa kimefungwaje. Nyumba ya masanduku haisimami kwa rangi yake wala kwa kuta zake. Husimama kwa maungio yake.

SISI TWAJUA MASANDUKU

Wakubwa wanatueleza jambo hili kama kwamba sisi ni watoto. Je, gari la moshi ni nini? Ni masanduku yaliyotengenezwa karakanani, kila moja peke yake, kisha yakaunganishwa. Behewa laweza kuwa zima, jipya, linang'aa, lakini kiungo chake kikiwa kibovu hakuna safari. Tena kuunganisha chuma kwa chuma hakutoshi. Lazima na mipira ya breki iunganishwe, behewa kwa behewa, mpaka la mwisho. Mpira mmoja ukisahauliwa, mabehewa ya nyuma hayana breki, na hapo dereva na gadi wana safari ya kwenda kaburini.

Basi kuna maungio ya namna mbili. Kuna maungio ya nguvu, yanayobeba mzigo. Na kuna maungio ya huduma, yanayopitisha maji, uchafu, stima na hewa. Nyumba ya masanduku ni vivyo hivyo.

Hata reli yenyewe katika nchi hii ilijengwa kwa vitu vya kiwanda. Madaraja 27 ya chuma katika ile sehemu ya milima na mabonde kuelekea ziwani yalitengenezwa Marekani na kampuni ya American Bridge mwanzoni mwa karne ya 20. Yalikuja kwa meli vipande vipande, yakaunganishwa huku. Kwa hiyo mtu asituambie tunaogopa mambo mapya. Jambo hili ni la zamani kuliko baba zetu, na sharti lake ni lile lile: kila kipande kiingie mahali pake, na kila kiungo kikazwe na kutazamwa.

WENZETU WALIKWENDA KUTAZAMA

Mwezi uliopita wenzetu watatu, mmoja wa njia, mmoja wa karakana na mmoja fundi wa stima, walikwenda kutazama sanduku la mfano. Mkubwa aliyewapokea aliwaonyesha rangi, akawaonyesha kitasa cha mlango, akawaonyesha taa inavyowaka.

Mwenzetu wa karakana akalala kifudifudi akatazama chini ya pembe. Pembe ilikuwa na matundu manne ya bolti. Bolti zilikuwa mbili. Akauliza, "Nyingine ziko wapi?" Akajibiwa, "Hili ni la mfano tu."

Fundi wa stima akauliza waya wa kwenda ardhini uko wapi. Akajibiwa, "Utakuja."

Mwenzetu wa njia hakuuliza neno. Alimwaga ndoo ya maji chooni, kisha akatoka nje akangoja mwisho wa bomba. Maji hayakutoka. Alipochutama akaona bomba limelazwa sawasawa kama meza, halina mteremko hata kidogo.

Ndugu, sanduku la mfano ndilo husafishwa na kupambwa kwa ajili ya wageni. Kama la mfano lina bolti mbili, la kwetu litakuwa na ngapi?

MAUNGIO YA NGUVU

Sanduku huteswa zaidi siku ya kusafirishwa kuliko siku zote litakazosimama. Kreni inaliinua kwa pembe, linaning'inia, linapinda, kisha linatikiswa barabarani maili kwa maili. Likiinuliwa vibaya hupasuka penye pembe za mlango na dirisha, maana hapo ndipo palipo na udhaifu. Ufa huo hufunikwa kwa rangi. Na mabomba yaliyokazwa kiwandani hulegea njiani. Kwa hiyo karatasi ya kiwanda isemayo "limepimwa" haitoshi. Sanduku lipimwe tena likiwa limekwisha simama hapa.

Pili, mzigo. Masanduku yakipangwa, uzito wote wa juu hushuka kwa nguzo za pembeni. Nguzo ya juu lazima ikalie nguzo ya chini, chuma juu ya chuma. Sanduku la kwanza likienda upande milimita tano, na la pili tano, na la tatu tano, hilo la tatu litakuwa nje kwa milimita kumi na tano ukilinganisha na msingi. Hapo bolti haiingii tundu. Na kila mmoja wetu ajua kinachofuata: mtu huleta moto akatanua tundu, akapenyeza bolti, akapaka rangi, akaenda nyumbani. Katika njia yetu ya zamani upana wa reli ni milimita 1,000, na katika ile iliyofunguliwa mwaka 2017 kutoka Mombasa hadi Nairobi ni milimita 1,435. Hakuna anayeruhusiwa kukisia. Mbona nyumba ya watu ikisiwe?

Tatu, kontena. Twasikia masanduku mengine yatakuwa makontena ya meli yaliyokatwa madirisha. Ni kweli kontena lina nguvu nyingi. Melini hupangwa mengi moja juu ya jingine likiwa na mzigo. Lakini nguvu hiyo imo katika nguzo nne za pembe na katika zile kuta zake zilizokunjwakunjwa. Ukikata ukuta kutoa dirisha na mlango, umekata mbavu. Lazima utie fremu ya chuma kuzunguka tundu hilo. Tena kontena la futi 20 ndani yake halifiki mita za mraba 14. Lilifanywa kubeba mizigo, na mzigo haupumui, haupiki, hauzai.

Nne, ardhi. Walioishi Embakasi na nyanda za Athi wanaujua ule udongo mweusi. Mvua ikinyesha huvimba, jua likiwaka hunywea ukapasuka nyufa za kuingia mkono. Ukiweka masanduku juu yake kwa vibao vya simiti vilivyolazwa tu juu ya nchi, pembe moja itainuka na nyingine itazama. Mlango utagoma kufungwa, bolti zitavutwa, bomba litakatika. Lazima udongo huo uchimbwe na kuondolewa, au msingi ushuke mpaka kwenye mwamba au ardhi ngumu. Tena sanduku ni jepesi kuliko nyumba ya mawe, na upepo wa uwandani ni mkali. Basi lifungwe na msingi, lisiwekwe tu kama chungu juu ya mafiga.

Tano, tangi la maji. Lita 5,000 za maji zina uzito wa tani tano. Ramani tuliyoonyeshwa imeweka tangi juu ya dari ya sanduku la juu kabisa. Dari ile ilifanywa kuzuia mvua. Tangi liwe na mnara wake wenyewe.

KILICHOTOKEA LONDON

Wapo watakaosema twatisha watu. Basi wasikie habari ya jumba la Ronan Point, London. Lilikuwa la ghorofa 22, limejengwa kwa kuta nzima nzima za saruji zilizotengenezwa kiwandani, kwa mtindo uliotoka Denmark. Watu waliingia humo mwaka 1968, na miezi mitatu haikupita. Asubuhi ya tarehe 16 Mei mwaka huo, kabla ya saa kumi na mbili, mama mmoja wa ghorofa ya 18 aliwasha kiberiti apike chai. Gesi ilikuwa imevuja usiku, ikalipuka, ikasukuma ukuta wa pembeni nje. Mlipuko wenyewe haukuwa mkubwa sana. Mama yule aliokoka. Lakini ukuta ule ndio uliobeba wa juu yake. Ulipotoka, ghorofa za juu zikaanguka, na uzito wao ukaziangusha za chini, pembe nzima ya jumba mpaka chini. Watu 4 walikufa na 17 waliumia.

Uchunguzi ulipofanywa, ilionekana kwamba gesi ilivuja penye nati moja ya shaba iliyounga bomba na jiko, nati isiyofikia kipimo. Ndugu, angalieni: kiungo cha huduma kilikuwa kibovu, na kiungo cha nguvu nacho kilikuwa dhaifu. Viwili hivyo vilipokutana, watu wakafa. Mwaka 1970 sheria za ujenzi za Uingereza zikabadilishwa, ili nyumba ya ghorofa nyingi ikipoteza sehemu moja isianguke yote. Na jumba lile lilipobomolewa ghorofa kwa ghorofa mwaka 1986, maungio mengine yalikutwa hayakujazwa saruji sawasawa. Kwa miaka mingi watu walilala juu ya maungio yale bila kujua.

Walikuwa wafanyakazi na jamaa zao, watu kama sisi, waliopewa nyumba mpya na kuambiwa washukuru.

MAUNGIO YA HUDUMA

Mtu wa kwanza kutufundisha habari hii ni mtu wa reli. Isambard Kingdom Brunel, mhandisi mkuu wa Great Western Railway ya Uingereza, aliombwa mwaka 1855 atengeneze hospitali ya mbao ya kupelekwa kwenye vita vya Crimea, maana askari waliolazwa Scutari walikuwa wakifa kwa uchafu kuliko kwa risasi. Alichora nyumba za kuunganisha, kila moja ya wagonjwa 50. Hakuanza na rangi. Kila nyumba ilikuwa na choo chake, mahali pake pa kunawia, mfereji wake wa kutoa maji machafu, na pangaboi la kusukuma hewa safi ndani. Zikasafirishwa kwa meli mpaka Renkioi, Uturuki. Katika wagonjwa kama 1,300 waliotibiwa huko, waliokufa walikuwa kama 50 tu.

Hiyo ni kazi ya miaka zaidi ya 150 iliyopita. Leo twaonyeshwa sanduku ambalo choo chake hakitoi maji, na twaambiwa hayo ndiyo maendeleo.

Twasema wazi. Bomba la uchafu la inchi nne lataka kushuka kama inchi moja katika kila inchi 40. Vyoo vikiwa mbali na shimo kubwa mita 10, bomba lazima lishuke senti 25. Litapita wapi kama sanduku limelala juu ya ardhi? Kwa hiyo choo cha juu kiwe juu ya choo cha chini, bomba moja lishuke wima, na sakafu iinuliwe ili fundi aweze kuingia chini yake.

Maungio ya maji yawe koridoni, nyuma ya kifuniko kinachofunguliwa kwa bisibisi. Yakifichwa ukutani kati ya sanduku na sanduku, siku yatakapovuja itabidi kubomoa chumba cha jirani. Tena yaachiwe nafasi ya kucheza. Kila mtu wa njia ajua kwa nini wazee waliacha nafasi kati ya reli na reli: chuma hutanuka kwa jua na kunywea kwa baridi. Na sanduku la chuma nalo hutanuka. Bomba lililokazwa bila nafasi litapasuka pale pale penye kiungo.

Stima. Sanduku la chuma lisilo na waya wa kwenda ardhini ni mtego. Waya mmoja ukichubuka ukagusa ukuta, ukuta mzima una stima, na mtoto akiushika hali miguu yake imelowa atakufa. Kila sanduku liwe na waya wake, masanduku yote yaunganishwe kwa waya huo, na kuwe na swichi ya kukata stima yenyewe panapokuwa na hatari.

Moto. Kati ya sanduku na sanduku kuna kuta mbili na uwazi katikati. Moto ukiingia uwazi huo hukimbia kama moshi katika bomba, ukatokea chumba cha tatu kabla mwenye chumba cha kwanza hajapata viatu vyake. Uwazi huo lazima uzibwe kila mahali kwa kitu kisichoungua. Na zile kuta za mabati mawili yenye povu katikati, tuambiwe povu hilo ni la namna gani. Liko linaloshika moto upesi na kutoa moshi mweusi wa sumu. Iko pamba ya mawe isiyoungua, ila bei yake ni zaidi. Sisi twapika kwa makaa, kwa mafuta ya taa na kwa gesi, na wakubwa wanajua.

Joto. Wenzetu wa Voi, Makindu na Changamwe hawahitaji kuelezwa. Bati juu, bati kando, dirisha moja dogo: hilo ni jiko la kuokea mkate. Twataka paa la pili juu ya sanduku lenye nafasi ya upepo kupita, na madirisha pande mbili zinazotazamana. Na pwani hewa ya chumvi hula chuma. Bolti huko ziwe zilizopakwa zinki, na zitazamwe kila mwaka.

WANAYOTUJIBU

Wanasema, "Ni haraka." Wanatutajia hospitali ya Huoshenshan mjini Wuhan, China, iliyosimamishwa mwanzoni mwa mwaka 2020 kwa muda wa kama siku 10, yenye vitanda 1,000. Ni kweli, ilijengwa. Lakini maelfu ya wafanyakazi walikesha usiku na mchana, na ardhi ilisawazishwa na kuandaliwa kwanza kabla masanduku hayajafika. Tena ilikuwa hospitali ya dharura, ya muda tu. Sisi hatutalazwa majuma mawili. Tutaishi humo miaka ishirini, na labda watoto wetu baada yetu.

Wanasema, "Ni rahisi." Rahisi kwa nani? Bolti iliyopunguzwa leo ni akiba katika kitabu cha ofisi. Kesho ni ufa, kesho kutwa ni jeneza. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wanasema, "Mhandisi amekwisha kupitisha." Vizuri. Basi mhandisi huyo atie sahihi kwamba amekagua maungio yakiwa wazi, kwa macho yake, hapa hapa, wala si karatasi ya kiwandani. Mtu asiyeogopa kazi yake haogopi kuiwekea jina.

TUNAYOTAKA

1. Ramani za maungio yote zitolewe kwa kamati ya chama kabla sanduku la kwanza halijashushwa.

2. Ardhi ipimwe, na udongo mweusi uondolewe au msingi upelekwe chini yake.

3. Kila bolti iwemo tunduni na ikazwe kwa kipimo. Hakuna kutanua tundu kwa moto.

4. Nyumba ikipoteza nguzo moja au ukuta mmoja, isianguke yote. Mhandisi atuonyeshe kwa hesabu.

5. Mabomba yajazwe maji na kupimwa baada ya masanduku kuunganishwa, si kabla.

6. Kila sanduku liwe na waya wa kwenda ardhini, na upimwe mbele ya fundi wetu.

7. Uwazi kati ya masanduku uzibwe, na kuta za povu linaloungua zirudishwe zilikotoka.

8. Kabla kuta za ndani hazijafunikwa, wajumbe wetu waite mafundi wao na kutazama kila kiungo. Kisha ndipo zifunikwe.

Hayo manane si mambo ya anasa. Hatukuomba marumaru wala bustani ya maua. Ni mambo ambayo kila mtu wa karakana huyatimiza kabla behewa halijatoka, kwa ajili ya abiria asiyemjua. Hatuwezi kukubali kwamba abiria wa saa chache alindwe kuliko mfanyakazi anayelala pale pale kila usiku.

Ndugu, huenda wakaja kwa mmoja mmoja, wakampa ufunguo na kumwambia atie sahihi upesi kabla chumba hakijapewa mwingine. Usitie. Ufunguo uliopokewa kwa hofu humfungia mtu ndani. Mwambie mleta ufunguo aende kamatini. Na wake zetu wasikie habari hii pia, kwa sababu wao ndio watakaopika humo na kuchota maji humo. Waje mkutanoni waseme neno lao.

Behewa moja haliitwi gari la moshi, na mfanyakazi mmoja haitwi chama. Tukishikana kama mabehewa yalivyoshikana, maungio yetu yakiwa mazima, watatuonyesha na maungio yao.

Umoja ni nguvu.

Ni sisi wenzenu wa njia na karakana.